Vitabu vya Bure vya Daktari Makame

Kerubo alikuwa mtu wa maktaba. Wenzake wa kazini, wale wanaolea wazee majumbani, walipopata saa mbili za nafasi kati ya mzee mmoja na mwingine, walizimalizia ndani ya basi namba kumi na moja, wakisinzia huku linauzunguka mji huo wa Waingereza kutoka Harborne hadi Perry Barr. Yeye alikwenda kukaa maktaba. Kulikuwa na joto, hakuna aliyekuuliza umekuja kufanya nini, na vitabu vilikuwa bure. Kwa vitabu hivyo alikuwa anajisomea hesabu za kuingilia chuo cha unesi. Alishafeli mara moja na sasa ameanza upya. Kadi yake ya maktaba aliitunza kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha kazi. Mtu mmoja tu alikuwa amewahi kumwazima, mdogo wake Shem, aliyesema anataka vitabu vya kompyuta.

Jumamosi moja asubuhi alipofika kaunta, Narinder, mkutubi anayemfahamu kwa miaka, alimpungia mkono.

"Kerubo, vile vitabu ulivyoagiza vimefika," akasema, akavitoa vitatu kwenye rafu ya nyuma yake.

Cha kwanza kilikuwa na nyota ndani ya duara. Cha pili kilikuwa na mwanamke nusu uchi aliyevaa pembe za mwezi kichwani. Cha tatu kiliandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ni mwongozo wa uchawi kwa anayeanza.

Kerubo alirudisha mikono nyuma. Kwao Kisii neno mchawi halikuwa la kuchezea. Akiwa darasa la tatu aliona nyumba ya ajuza jirani yao ikitiwa moto kwa neno hilo tu, na harufu ya nyasi zile za paa haijamtoka puani mpaka leo. Sasa neno hilohilo lilikuwa mbele yake kwa herufi za dhahabu, na kinyaa kilichompanda kilimfanya afute viganja kwenye koti ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Si vyangu hivi," akasema.

"Usione haya," Narinder akashusha sauti kwa wema mwingi. "Watu wa dini ya Wicca na wapagani wengine nawahudumia kila wiki. Ni watu wapole, wanasherehekea mwezi na majira ya mwaka, basi. Na tena usipoteze hela yako kununua. Kwa kadi hii unasoma vingine kwenye simu. Vya zamani, ambavyo hakimiliki yake imeisha, viko bure kwenye mtandao, nitakuandikia mahali. Halafu angalia kile kitoroli cha mlangoni, tunavyovitoa maktaba tunaviuza bei ya kutupa. Na kule Harborne kuna mkahawa una rafu ya kubadilishana, unaacha kimoja unachukua kimoja."

Kerubo alisikia uso ukimchemka. Mwanamke wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, anaelekezwa mahali pa kuokota uchawi wa bei nafuu.

"Kitu kimoja tu," Narinder akaendelea, akifungua cha nyota. "Hiki ulikirudisha mwezi jana, ukakiagiza tena. Tafadhali usiandike ndani. Watu wengine pia wanakisoma."

Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo na yaliyolala upande. Yalikuwa ya Kiswahili. Kerubo aliujua mwandiko ule kabla hajasoma neno hata moja, maana yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika penseli. Akachukua kitabu kile kimoja na kwenda kuketi kwenye kona ya watoto, penye viti vifupi, ambako asingeonekana.

Pale mwandishi alipotaja majani ya rozmeri, Shem alikuwa ameandika: sema mrehani wa Pemba. Palipotajwa mungu wa kike: ruka, weka mizimu ya baharini. Palipotajwa mshumaa wa kijani: atanunua mwenyewe. Katika ukurasa wa kwanza kabisa mwandishi alikuwa ameeleza, kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa, kwamba hakuna lolote humo linaloweza kuchukua nafasi ya daktari, na mwenye ugonjwa aende hospitali kwanza. Pembeni yake Shem aliandika neno moja: ruka.

Kerubo aliyajua matangazo ya Daktari Makame wa Pemba. Nani hakuyajua? Yalibandikwa kwenye vioo vya maduka ya vifuniko vya simu, yalitumwa kwenye makundi ya Wakenya: anarudisha mume, anafungua njia ya visa, anayeyusha uvimbe, kwa simu tu, popote ulipo. Kerubo na Shem walikuwa wameyacheka pamoja jikoni. Kumbe Daktari Makame alikuwa Shem mwenyewe, na alikuwa anacheka kwa sababu nyingine. Mtu wa Kisii aliyelelewa kwa matoke na Biblia, ambaye Pemba hajawahi hata kuiona, alikuwa anachukua dini ya Waingereza ya bure, anaikwangua nusu, anaipaka ubani wa pwani na kuwauzia Wakenya wenzake. Kerubo hakujua aone kinyaa cha upande gani kwanza.

Kisha akafungua ukurasa wenye picha ya uzi uliofungwa mafundo, na pale penseli ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu zaidi: Nyambura, titi la kushoto. Uzi wa kijani, mafundo tisa. Mwezi ukipungua na uvimbe upungue.

Nyambura alikuwa rafiki yake wa miaka sita, mlezi wa wazee kama yeye. Kila Ijumaa alipita na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, nusu zikiwa zimetengwa kwa ajili ya Shem, kwa sababu Shem, alisema Nyambura, amekonda kwa ajili ya masomo. Wiki mbili zilizopita alikuwa na uzi wa kijani mkononi. Kerubo alipomuuliza, alisema ni wa kumkumbusha kumeza dawa za presha.

Alipofika nyumbani Shem alikuwa mezani akila chapati hizohizo, amezichovya kwenye chai. Ana miaka thelathini na moja. Shahada iliyomleta aliiacha katikati, na mama yao huko nyumbani hajaambiwa. Kerubo aliweka kitabu kando ya sahani.

"Unamjua ni nani huyu unamwandika hapa?" akauliza.

Shem alitazama ukurasa, akamaliza kutafuna. "Dada, si ni hustle tu. Hivi vitabu ni free, mtu yeyote anaweza kusoma. Mimi natafsiri."

"Nimekuuliza kama unamjua."

"Alinitafuta mwenyewe. Hajui ni mimi. Naongea kile Kiswahili cha coast, hata hawezi guess." Akatabasamu kidogo, kama anayengoja kusifiwa. "Na sikumwambia asiende hosi. Alisema ana appointment Alhamisi na anaogopa kupasuliwa. Nikamwambia angoje mwezi uishe kwanza."

"Mwezi uishe." Kerubo akavuta kiti, akakaa. "Unakula chapati zake, Shem. Ziko mdomoni mwako saa hii."

"Ukinifukuza mom atauliza mbona. Halafu hizo books zote zimetoka na kadi yako. Jina ni lako." Alilisema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo Kerubo alipomchukia. Akachukua sahani na kumwaga chapati zilizobaki kwenye pipa, ingawa hazikuwa na kosa.

Usiku hakulala. Kumwambia Nyambura ni kumwambia kwaya nzima. Kwaya ikijua, Kisii nayo itajua kabla ya Jumatatu: mtoto wa mzee Onsongo ni mganga wa uongo Ulaya, na dada yake ndiye aliyemwazimia vitabu. Uchafu ulikuwa wa Shem, lakini Kerubo aliona jinsi utakavyomrukia, na aliuogopa.

Jumapili baada ya kanisa alipanda basi kwenda Castle Vale, anakoishi Nyambura. Akiwa kituoni, kwenye kiti cha chuma, alifungua begi, akatoa kifutio chake cha hesabu, akafuta penseli yote kwenye ukurasa ule wa uzi. Alifuta na neno ruka kwenye ukurasa wa kwanza. Aliyapuliza mabaki yake chini, akajiambia kwamba cha muhimu ni Nyambura aende hospitali, na kwamba kujua nani alimdanganya hakutabadilisha kitu.

Nyambura alimpokea kwa furaha, akaweka chai. Mshumaa wa kijani ulikuwa dirishani, umeungua nusu. Kerubo hakuzunguka.

"Najua kuhusu daktari wa Pemba," akasema. "Soma hapa. Ule uzi wako, mafundo tisa, mshumaa, yote yametoka kwa hiki kitabu cha wazungu. Hiki ni cha library, mtu yeyote anakiokota. Na mwenye kitabu mwenyewe amesema uende kwa daktari. Soma ukurasa wa kwanza."

Nyambura alisoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mistari, kisha akakifunga na kukisukuma kwa upole.

"Alinionya," akasema.

"Nani?"

"Daktari Makame. Alisema mtu wa karibu atakuja kunivuta nyuma, na atakuja na karatasi." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Sikudhani atakuwa wewe, Kerubo."

"Kwani wewe unamjua huyo mtu? Umewahi kumwona?"

"Na wewe unamjua?"

Hapo palikuwa na nafasi. Jibu lilikuwa la neno moja, na neno lenyewe lilikuwa jina la mtu ambaye Nyambura angeweza kumpigia simu muda huohuo. Kerubo alitazama chai yake. "Najua ni mwongo," akasema, na akaondoka bila kuimaliza. Alhamisi ilikuwa imebakiza siku nne.

Ndani ya basi aliwaza na kuwazua, na kila njia ilimrudisha mahali pamoja panaponuka. Nyambura hakumsikiliza rafiki yake wala barua ya hospitali. Katika mji mzima wenye madaktari na mashine, alimsikiliza mtu mmoja tu.

Jioni hiyo Kerubo aliketi kwenye kitanda cha Shem, kati ya nguo chafu na makopo ya soda, akamnyooshea simu. "Piga," akasema. "Mwambie aende."

Shem alikohoa, akakaa wima, na mbele ya macho ya dada yake akageuka mtu mwingine. Sauti ilishuka na kulainika. "Bibie, hujambo? Nimeoteshwa jana. Wazee wa baharini wamesema kazi yao wameimaliza, iliyobaki wamewaachia mabingwa wa hospitali. Alhamisi hiyo uende, wala usikose. Na huyo shoga yako umsamehe, hakujua alitendalo." Upande wa pili Nyambura alikuwa analia na kushukuru. Kerubo alisikiliza mpaka mwisho. Shem alipokata simu alimwangalia kama fundi aliyemaliza kazi safi, na Kerubo akatoka nje ya nyumba ili asimguse.

Nyambura alikwenda. Wakampima, wakakuta kile walichokihofia, lakini wakasema amewahi. Alipasuliwa katika hospitali kubwa iliyo karibu na Harborne, na siku ya pili Kerubo akaenda kumwona akiwa na chupa ya uji. Shem alifuatana naye. Nyambura mwenyewe alikuwa amemuulizia.

Alikuwa ameegemea mito, uso umepauka, kichefuchefu cha dawa kikimpanda na kushuka, lakini alikuwa na furaha. Akamshika Shem mkono. "Umekonda tena," akamwambia. Kisha akamgeukia Kerubo. "Najua humpendi yule daktari. Lakini angekuwa ni mwongo angenituma hosi? Nimewaambia wamama wote wa kwaya, nimewapa namba yake. Nikitoka hapa nataka kumwona kwa macho. Nitafutieni hata ni Pemba."

"Tutamtafuta," akasema Shem kwa upole, akimpapasa mkono.

Kerubo aliutazama mkono ule uliokuwa unapapasa.

"Ni huyu," akasema.

Nyambura alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka, kwa sababu Shem hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwa Shem.

"Sema lile neno 'bibie'," akamwambia. "Kama unavyosemaga."

"Nyambura, mimi..."

"Sema."

Shem akasema. Ilikuwa sauti ileile, laini, ya mtu wa pwani, na ilimtoka kwa urahisi. Nyambura aliuvuta mkono wake na kuufuta kwenye shuka, mara moja, mara mbili, kisha akajipinda mbele. Kerubo aliwahi bakuli la karatasi lililokuwa kwenye kimeza, akamshikia chini ya kidevu, mkono mwingine mgongoni, kama anavyowafanyia wazee wake kila siku. Shem alikuwa ameshafika mlangoni.

Nyambura alipomaliza alibaki ameinama, akihema.

"Ulijua lini?" akauliza.

Kerubo alitaka kusema juzi. "Kabla sijakuletea kile kitabu," akasema.

Nyambura alitikisa kichwa taratibu, akachukua bakuli mikononi mwa Kerubo, akalishika mwenyewe.