Jenereta Ndani, Kondoo Nje

Kila mwaka joto lilipopungua, familia niliyoiendeshea gari mjini Doha ilichoshwa na nyumba yake. Nyumba ilikuwa na vyumba ambavyo mimi, baada ya miaka minane, sikuwa nimemaliza kuvihesabu, na kila chumba kilikuwa na kiyoyozi chake. Lakini ikiingia baridi, wote walitaka kwenda kuishi mchangani kama babu zao. Babu zao, nadhani, hawakuwa na karavani yenye jiko, jokofu, televisheni na kochi la ngozi. Sisi tulikuwa nayo, na kazi ya kuivuta kwa pikapu hadi kambini jangwani, upande wa Mesaieed, ilikuwa yangu.

Kambini hakuna umeme, na bila umeme jangwa linakuwa jangwa kweli, jambo ambalo hakuna aliyelitaka. Kwa hiyo mgeni rasmi wa safari alikuwa jenereta. Watoto waliweza kusahau viatu, Mama mwenye nyumba aliweza kusahau dawa zake za presha, lakini jenereta iliuliziwa mara tatu kabla hatujatoka getini.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa kwamba mkubwa akikupa kazi unaitikia kwanza, na maswali unajiuliza mwenyewe baadaye ukiwa peke yako. Doha walinipa neno la kuitikia: hadhir, yaani nipo, nimekubali, hata kama hujaelewa. Nililitamka neno hilo mara nyingi kuliko jina langu. Wenzangu niliokuwa nakutana nao Ijumaa kule Al Mansoura, tukila wali wa nazi wa kuchangishana, walinitania kwamba hata nikiambiwa niendeshe ngamia hadi Al Sadd nitauliza tu funguo ziko wapi. Nilicheka nao, maana ilikuwa kweli.

Mpishi wa nyumba alikuwa mwanamke wa Kakamega, mdogo wangu kwa miaka michache, na yeye hakulelewa hivyo hata kidogo. Nilimwita dada, yeye aliniita Mtanzania, kama vile nimetumwa kuwawakilisha wote. Mkataba wake ulikuwa unakwisha baada ya baridi ya mwaka ninaousimulia. Alikuwa amemwacha binti yake akitambaa, na sasa binti alikuwa anaandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi na kumtumia mama yake picha. Rafiki yake, mpishi wa nyumba nyingine, alikuwa ameungua kwa mafuta ya sambusa mikono yote miwili. Tangu siku ile dada alikuwa na wimbo mmoja.

"Mimi sitaki kitu ingine," alikuwa akisema huku anamenya vitunguu. "Nataka tu kufika kwetu na ngozi yangu yote. Mtoto aniguse, anipate mzima."

Sasa, kusafirisha jenereta nilikuwa najua, na sisemi kwa majigambo. Ya zamani niliisafirisha misimu sita bila mkwaruzo. Unaizima na kuiacha ipoe kabisa. Unamwaga mafuta tangi likauke, unafunga koki. Unaipandisha nyuma ya pikapu, kwenye hewa, isimame wima, uigandamize ukutani kwa kabini na kuifunga mikanda minne, kila pembe mmoja. Fundi Mhindi wa Kerala aliyetuuzia alinifundisha haya kwa Kiarabu chetu cha karakana, kile ambacho Mwarabu mwenyewe akikisikia anashika kichwa. "Barra, barra," alisema akionyesha nje. "Dakhil mafi." Ndani hapana.

Msimu ule Baba mwenye nyumba alinunua jenereta mpya. Ilikuwa nzuri hasa, nyekundu, inanguruma kwa adabu, na fundi yule yule akanionyesha kwenye kifuniko cha tangi kidude kidogo cha kuzungusha. Kikiwa wazi tangi linapumua, na ukisafiri lazima kifungwe. Nilimwambia zein, zein, yaani sawa, huku nikifikiria jinsi nitakavyoifunga mikanda. Mikanda ndiyo ilikuwa fani yangu.

Shida ilianzia kwa kondoo. Bibi, mama yake Baba, alitaka kondoo wawili wapelekwe kambini wakiwa hai, kwa sababu nyama ya kondoo aliyetembea mchangani, alisema, ina ladha nyingine. Kondoo wakapandishwa nyuma ya pikapu pamoja na kuni na magodoro. Nafasi ikaisha. Nikasimama na jenereta yangu kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

"Weka ndani ya karavani," Baba akasema. "Mchanga hautaingia kwenye mashine. Na ujaze mafuta kabisa, tukifika tuwashe tu."

"Na kondoo, Baba?" nikauliza.

"Kondoo wanahitaji hewa."

Nikasema hadhir.

Dada alikuwa anapakia sufuria. Kitanda chake kilikuwa ndani ya karavani hiyo hiyo, pembeni ya jiko, hatua mbili kutoka pale nilipokuwa nataka kuiweka mashine. Aliitazama, akanitazama.

"Hii kitu imejaa petroli," akasema. "Na mimi ndio nalala huku. Na mimi ndio napika huku. Si umwambie?"

"Hamna shida, dada. Nitaifunga vizuri."

"Sijauliza kufunga. Nimeuliza kama utamwambia."

Nilijifanya natafuta mkanda. Kisha nikaifunga jenereta ile kwa ustadi ambao mpaka leo najivunia na kuuonea haya kwa pamoja. Niliiweka karibu na mlango wa nyuma iwe rahisi kuishusha, nikaipitishia mikanda sita badala ya minne, nikaitandikia blanketi chini isichubuke.

Tulitoka mjini asubuhi, mimi na dada mbele, kondoo nyuma yetu wakila upepo, karavani ikifuata. Familia ingekuja baadaye kwa magari yao. Tulipoingia barabara kubwa na kushika kasi, karavani ikaanza kucheza mkia. Kwanza kidogo, halafu ikawa inauvuta mgongo wa pikapu kushoto na kulia, na dada akashika dashibodi na kuanza kuomba kwa Kiluhya. Sikukanyaga breki, hilo nalijua. Niliinua mguu taratibu mpaka ikatulia, nikaegesha kando. Uzito wote nilikuwa nimeurundika nyuma kabisa, basi kichwa cha karavani kikawa chepesi na mkia ukapata uhuru.

"Si tuishushe tuiweke na kondoo?" dada akasema. "Kuni tuziweke ndani. Kuni hainuki."

Lilikuwa wazo zuri, rahisi, la dakika kumi. Nikamjibu kwamba Baba amesema ndani.

"Baba hayuko hapa."

"Lakini amesema."

Tukaisogeza wawili, tukihema, hadi katikati juu ya magurudumu, ikawa sasa imesimama juu ya zulia jekundu la Mama. Nikafunga tena mikanda sita. Mmoja niliupitisha juu ya kifuniko cha tangi, nikaukaza mpaka ukalia. Kile kidude ambacho fundi alinionyesha kilikuwa chini ya mkanda huo, na mkanda ulipojivuta nacho kikageuka, kikafunguka. Sikukiangalia. Nilikuwa naangalia mafundo.

Barabara ya lami iliisha, tukaingia kwenye mchanga na mabonde yake, na kwa nusu saa nzima karavani ilirukaruka nyuma yetu. Tulifika adhuhuri. Nilipofungua mlango wa karavani harufu ilinipiga usoni mpaka macho yakatoa maji. Jenereta ilikuwa imesimama wima, haijasogea hata kwa upana wa kidole. Tangi lilikuwa limetapika kupitia kile kidude kwa kila shimo tulilopita, na zulia la Mama lilikuwa limelowa.

Niseme niliwaza nini, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma. Sikuwaza moto. Sikuwaza dada, ambaye alikuwa tayari ameingia na ndoo ya sabuni na kupiga magoti kusugua. Niliwaza Mama atasema nini akinusa zulia lake. Hata madirisha sikuyafungua, kwa sababu kulikuwa na upepo na mchanga ungekaa kwenye kochi.

Simu ikalia. Mama akasema wako karibu, nusu saa tu.

Hapo Utanga wangu ukaniponza. Kwetu, nyumba ikinuka, dawa ni moja. Mgeni anakuja, samaki wamekaangwa, mtoto amekojolea godoro, unatia makaa kwenye chetezo, unatupia udi, unazunguka chumba kwa chumba. Nyumba ile ya Doha walikuwa na desturi hiyo hiyo, na ndiyo moja ya sababu nilijiona nimefika kwa ndugu. Nikaenda nyuma ya pikapu, nikawasha makaa, nikayapepea mpaka yakawa mekundu, nikatupia vipande vya udi wa Mama mwenyewe, ule wa sikukuu. Moshi ukapanda, mtamu. Nikakibeba chetezo kwa mikono miwili na kuelekea mlango wa karavani kwa mwendo wa bwana harusi, nikiona fahari kwamba nimepata suluhisho. Kondoo wote wawili waligeuka kunitazama.

Nilikuwa nimebakiza hatua nne dada alipotokea mlangoni kumwaga maji ya ndoo. Aliona chetezo. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Aliruka ngazi zote, akanifikia na kukipiga chetezo teke kikanitoka mikononi, makaa yakatapanyika mchangani, na kaa moja likaingia kwenye ndala yake.

"Umeleta moto!" alipiga kelele, mguu mmoja juu, huku analitikisa lile kaa litoke. "Mimi niko ndani nasugua petroli, wewe unaniletea moto! Unataka kunichoma, Mtanzania? Eh? Nimekukosea nini?"

Nilifungua mdomo kumwambia ilikuwa kwa ajili ya harufu. Ndipo nikakisikia nilichotaka kusema. Nikakaa chini pale pale. Niliona karavani, madirisha yamefungwa, na nikaona vizuri sana jinsi mambo yangekwenda kama angechelewa kidogo kumwaga maji. Nikaanza kuyafukia makaa kwa mchanga. Dada alikuwa anajimwagia mguuni maji ya kunywa, analia kwa hasira, na hakuniuliza kama niko salama.

Familia ilifika. Mama aliingia karavani na kutoka mara moja.

"Harufu gani hii? Na kwa nini hakuna udi? Nimesema nini kuhusu udi kabla wageni hawajafika?"

Alikuwa anamwambia dada, kwa sababu ndani ni mambo ya jikoni na jikoni ni mambo ya dada. Dada aliinamisha kichwa na kusema samahani, Mama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Niliambiwa nitoe zulia nilianike juani. Nikasema hadhir.

Basi tulikaa wiki mbili. Jenereta ilijengewa kibanda chake cha turubai mbali na mahema ya familia, ikafanya kazi bila kukohoa. Ijumaa ya kwanza kondoo mmoja aliliwa, ya pili wa pili, na Bibi alisema ladha ni kweli nyingine. Mbele ya wageni Baba aliniweka mkono begani na kusema dereva wake ni bingwa wa kufunga mizigo, mashine mpya imevuka jangwa lote bila hata mkwaruzo. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Dada alipita na sinia la wali, anachechemea. Kidonda chake kilikuwa juu ya mguu, na hakikutaka kukauka kwa ule mchanga.

Siku ya kurudi, nyuma ya pikapu palikuwa na nafasi tele. Nilidhani jambo limejimaliza lenyewe kwa msaada wa kondoo. Lakini zulia lilikuwa bado linanuka.

"Zulia liweke nje lipate hewa," Baba akasema, simu sikioni. "Jenereta ndani, kama tulivyokuja."

Dada alikuwa anafunga sufuria kwa kanga. Mara hii hakusema si umwambie. Alikaza tu kitambaa chake cha kichwa na kuendelea kufunga, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"La, Baba," nikasema.

Alitoa simu sikioni. Nadhani alifikiri hakusikia vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeshajiona uwanja wa ndege na begi langu, nimeshajiona Tanga nikimweleza mke wangu. Kilichotoka ni maneno machache: ina petroli, inavuja, na kuna mtu analala mle ndani.

Baba alitafakari kwa muda ule anaotumia mtu kuchagua tende kwenye sinia.

"Zein," akasema. "Basi weka nje na zulia." Akarudisha simu sikioni.

Ilikuwa hivyo tu. Miaka minane nililiogopa neno lile, na lilichukua muda mfupi kuliko kukaza mkanda mmoja. Nilifurahi kwa hatua kama tatu. Halafu nikamwona dada anavyoukanyaga ule mguu, na furaha ikaisha.

"Kumbe hiyo mdomo inafanya kazi," akasema.

Nilimwaga tangi, nikafunga koki, nikazungusha kile kidude kwa vidole vyangu mara mbili kuhakikisha.

Mwezi uliofuata nilimpeleka dada uwanja wa ndege. Masanduku yake niliyafunga juu ya kitoroli kwa kamba, akacheka, akaniambia hakuna jangwa pale. Alikuwa amevaa ndala mpya. Alipoona naangalia chini, aliunyanyua mguu kidogo nione: kovu la mviringo, la waridi, ukubwa wa kidole gumba.

"Narudi na ngozi yote," akasema, "isipokuwa hiki kipande. Mtoto akiuliza nitamwambia nini?"

Alikuwa bado anacheka. Nilisema mwambie ni mimi. Akasema hapana, atamwambia ni udi, na akasukuma kitoroli chake kuingia ndani.