Bibi Alipoulizwa Jina

Jana hapa mtaani kwetu Kalangalala jirani yangu alikuwa anasiriba jiko lake kwa mavi ya ng'ombe. Nilisimama mlangoni kwake nikivuta harufu ile, nikalikumbuka kanisa letu la udongo kule kijijini, lililosiribwa vivyo hivyo.

Bibi alibatizwa humo akiwa mzee tayari. Mchungaji alimuuliza, "Mama, umechagua jina gani la ubatizo?"

"Hili hili la Kisukuma alilonipa mama yangu," alijibu Bibi. "Mungu amenisikiliza nalo miaka yote. Nikilibadilisha, nitaomba kama mgeni."

Wazee wa kanisa walitazamana, nami niliogopa watamrudisha nyumbani bila kumbatiza. Mchungaji aliinamisha kichwa, kisha akachota maji na kumbatiza kwa jina lile, akilitamka polepole asilikosee. Akina mama wakapiga vigelegele.

Njiani kurudi nyumbani, katikati ya mashamba ya pamba, Bibi alisimama.

"Hebu niite," akaniambia.

Sikuwahi kumwita kwa jina, maana alikuwa bibi yangu. Nililitamka kwa sauti ndogo. Aliitika, kitambaa chake cha kichwa bado kimelowa, akaniomba nimwite tena.