Neno Salongo Kabla ya Njia Panda ya Lulimba

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Sikukaa kwenye benchi la shule, lakini najua ninachotaka kibaki.

Babu yako alikuwa dereva wa kamioni hapa Baraka, katika miaka ya chama kimoja, wakati nchi yetu iliitwa Zaire. Alipakia ndagala kavu, ndiyo dagaa wa ziwani, na mchele, akapeleka Uvira au Kalemie, kule mkoa wa Shaba. Wengine walimsifu kwa kuendesha. Mimi nilimheshimu kwa kuchagua njia. Ramani hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo isingemwambia wanajeshi wamefunga bariere, yaani kizuizi, wapi, wala waasi wameshuka kutoka mlimani lini. Yeye alitazama kuku. Gari likitoka upande tunaokwenda, aliinua macho kwenye mizigo. Abiria wakiwa bado na kuku wao, njia ilikuwa na wanajeshi wapole. Kuku wakiwa hawapo na akina mama wamenyamaza, aligeuza gari bila kuuliza mtu. Kwa hesabu hiyo ya kuku alitufikisha nyumbani salama miaka mingi.

Binti yetu wa kwanza, yaani mama yako, alikuwa ameolewa Kalemie. Mchuuzi wa samaki aliyeshuka na mashua alituletea neno lake: mimba imekuwa nzito, na anamngoja mama. Katika ukoo wetu, mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza hufungwa tumbo na mama yake mzazi, kwa kitambaa kilekile alichofungwa mama huyo alipomzaa yeye. Mashua ilikuwa inaendelea Uvira, kinyume na safari yangu, ikabaki kamioni. Nilikunja kitambaa, nikakifunga kiunoni chini ya kitenge, nikapanda mbele pamoja na babu yako.

Tulipita Fizi vizuri. Mbele yetu, Lulimba, njia iligawanyika kwa safari yetu: ya kusini, fupi, inayovuka daraja la magogo na kuendelea Bendera hadi Kalemie, na ya kuzunguka, inayokwenda magharibi hadi Kabambare, ikateremka Kongolo, kisha ikarudi mashariki kupitia Nyunzu. Kuifuata hiyo wakati wa mvua ni kumwambia mzazi asubiri.

Kabla ya kufika Lulimba tulikuwa tunapanda kilima. Gari halikuwa limetokea mbele yetu tangu Fizi, kwa hiyo kuku wa kutazama hawakuwapo. Ndipo akaja mtu juu ya kinga, ndiyo baiskeli kwetu, anateremka na madumu ya mawese pande zote mbili, anazuia gurudumu kwa kisigino kwa kuwa breki hana.

Babu yako akatoa kichwa nje. "Ndugu, njia ya Bendera iko namna gani?"

"Ku daraja iko salongo, baba!" mtu akapaza sauti. "Bantu banajaa!"

"Salongo ya nani? Watu gani hao?" nikamwuliza mimi, lakini alikuwa amekwisha kutupita.

"Simama, umwulize vizuri," nikamwambia babu yako.

"Mama, ule mutu hana fre. Nitamuuliza mu mutaro?"

Wewe hukukua na neno hilo, kwa hiyo nikueleze. Salongo ilikuwa kazi ya lazima kwa raia wote: kufyeka, kuzibua mifereji, kutengeneza barabara. Vijiji viliifanya, na mara nyingine kwa moyo. Lakini wanajeshi nao waliiita salongo kazi yao wenyewe: kusimamisha magari, kuwashusha abiria wakalime shamba la mkubwa, na kumtuma dereva asombe mbao zao. Babu yako alikamatwa hivyo mara moja upande wa Mboko, akakaa huko mpaka ndagala zake zikaloa na kuingia funza. Tangu siku ile, neno hilo lilikuwa na maana moja tu masikioni mwake.

"Madumu yake yamejaa," nikasema. "Kama ni wanajeshi, wangemwachia mafuta?"

"Basoda habanywake mawese," akajibu, akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena. "Wakinishika kule, utafika kwa mtoto na nini? Tuzunguke. Tutachelewa, lakini tutafika."

Alipofika Lulimba akakata kulia. Mtu aliyenifikisha salama kila mara hakuwa mtu wa kubishana naye njiani.

Safari ile sitaisimulia yote. Matope yalitushika baada ya Kabambare, tukangoja kivuko, tukakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Hakuna mwanajeshi aliyetugusa. Kwa usalama, njia ile haikuwa na kosa.

Tulipoingia uani Kalemie, mkwe wetu alitupokea kwa mikono miwili.

"Mulipitia wapi, baba? Bakamioni ya Fizi banafika kila siku!"

"Nilisikia salongo ku daraja."

"Ndiyo! Bantu ba vijiji baliweka magogo mapya. Daraja haijakuwaka nzuri hivi."

Babu yako alishika usukani ingawa injini ilikuwa imezimwa. Hakushuka upesi.

Mama yako alikuwa amezaa. Mama mkwe wake alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, na tumbo la binti yangu lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha mama mkwe. Mama mkwe yule alinisalimu kwa heshima. Kisha akaingia ndani, akanitolea kiti. Kile kiti kilikuwa cha wageni, na mimi nilitaka mkeka.

Nilifungua kitambaa kiunoni nikampa binti yangu. Alikishika, akakikunja vizuri, akakirudisha mikononi mwangu. "Kihifadhi, mama. Kitakuja kufaa."

Watoto wengine walifuata, na kila mara aliyeitwa alikuwa mwanamke yule wa Kalemie, aliyekuwa karibu. Binti yangu sikumlaumu. Babu yako sikumlaumu kwa mdomo, na yeye hadi anakufa hakutaja tena daraja lile. Ila kila alipopita Lulimba alisimamisha gari, akashuka, akauliza watu vizuri, hata kama kuku walikuwa wengi.

Mtoto aliyekuwa mapajani mwa yule mama ni wewe unayeandika. Usiache kuliandika hilo. Kitambaa kimo sandukuni, chini ya vitenge vyangu. Tangu kilipofunga tumbo langu mimi, hakijafunga tumbo la mtu.