Chai ya Wakili

Siku hiyo ya soko nilikuwa Bondeni natengeneza baiskeli, na usiniulize nani alinifundisha. Nilijifundisha mwenyewe. Shule niliachia darasa la pili, na leo gereji yangu nani haijui hapa Nakuru? Mdogo wangu Njoroge alikuwa anajaza gurudumu upepo huku akiimba vibaya.

"Nyamaza, unafukuza wateja."

"Wewe ndiye unawafukuza na hiyo sura."

Lori la askari likasimama. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wazungu ikiwasaka wapigania uhuru.

Tulipangwa uwanjani. Mbele alisimama mtoa habari wao aliyefunikwa gunia mpaka magotini, limetobolewa macho. Tukapita mmoja mmoja.

Mimi nilipita.

Njoroge alipofika, kile kichwa ndani ya gunia kikainama.

Askari walisema alikuwa na kundi lililochoma usiku ghala la mzungu huko Longonot na kuua mlinzi. Hapo ni kamba tu.

Nikamtafutia wakili, Muhindi aliyesomea Ulaya. Alitaka kitu kimoja kwa Njoroge: "Nipe jina la mtu aliyekuwa na wewe usiku ule." Nadhani Njoroge angejibu. Lakini korti ilipopumzika, kupitia dirisha, alimwona wakili wetu akinywa chai na mwendesha mashtaka, wanacheka. Mawakili ndivyo walivyo, hugombana ndani na kusalimiana nje. Sisi tungejulia wapi?

"Hawa ni kitu kimoja," akaninong'oneza. "Nikitaja mtu, kesho yeye ndiye atapitishwa mbele ya gunia."

"Basi niambie mimi, ndugu yako."

Hata mimi hakuniambia.

Walimnyonga. Mwili hatukupewa.

Baadaye Kipkemoi, mwuza mbuzi wa Kikopey, alikuja kibandani kwangu. "Njoroge alilala kwangu usiku ule. Mbona hamkuniita?"

"Ungesimama mbele ya wazungu useme hivyo?"

"Ningesimama."

Uhuru ulipokuja, yule wakili akapitia Nakuru. Alikuwa ameshatetea wafungwa katika nchi nyingi, jina kubwa. Nilipomweleza habari ya Kipkemoi na ya ile chai, alikaa juu ya tairi kuukuu na suti yake safi.

"Siku hizi sinywi hata maji na waendesha mashtaka, mshtakiwa akiwa anaona," akasema. Kisha: "Huyo Kipkemoi, unaamini angekuja?"

Mimi mteja namsoma kabla hajashuka kwa gari. Ndivyo nilivyojenga kila kitu nilicho nacho. Lakini Kipkemoi nilimkazia macho siku ile mpaka akatazama chini, na hadi leo sijui.