Bandari Tatu na Mama Mkwe Mmoja

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu treni zilikuwa zimekoma. Ulikuwa ule wakati Katanga ilipojitenga. Bendera mpya yenye misalaba ya shaba ilipepea juu ya posta, madaraja ya reli upande wa kaskazini yalikuwa yamevunjwa, na mimi, karani wa tikiti, nilikaa nyuma ya dirisha langu bila mtu wa kumkatia. Akina mama wa parokia yetu ya Katuba walikuwa na desturi ya kwenda kila mwaka kwa treni kuzuru misheni za mbali. Mwaka huo mwenyekiti wao, Mama Albertina, mke wa fundi wa reli kutoka Kongolo, alikuja akaegemea dirisha langu.

"Tata Sipriani, weye uko nafanya nini hapa?"

"Niko nakata tikiti, mama."

"Ya kwenda wapi?"

Nikatazama reli tupu nyuma yake.

"Bon. Basi utatupangia safari ya maji."

Nikaipanga kwa moyo wote. Tungekwenda kwa lori hadi Kasenga, kwenye mto Luapula. Hapo tungepanda mashua ya Mgriki mmoja mwenye biashara ya samaki, iliyokuwa ikipeleka barafu hadi Ziwa Mweru na kurudi na samaki. Ingetia nanga katika bandari tatu ndogo: Kilwa, hii ya ziwani, kisha Pweto, na wakati wa kurudi, Lukonzolwa. Kazi yangu ilikuwa matembezi ya nchi kavu: kuamua tuone nini, nani atupokee, tule wapi, na turudi mashuani saa ngapi.

Jambo moja tu sikulipanga mimi. Mke wangu, Veronika, alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na siku ya kufunga mizigo aliniambia: "Mama anapanda mashua pale Kasenga. Wakati wa kurudi atakuja na weye mpaka hapa, anikamate, niende kuzalia kwabo."

Ndiyo desturi ya kwao, sikuwa na neno. Lakini njia ya Kasenga ilikuwa na askari kila mahali, leo imefunguliwa, kesho imefungwa. Nikimwacha Veronika aende, huenda ningemwona mtoto wangu akiwa tayari ana meno.

"Mwambie asikuchukue," nilisema.

"Muambie weye."

Akacheka, maana alijua siwezi. Kwao mume hasemi na mama mkwe wake ana kwa ana. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwita na kumlisha kwa mkono wake. Hiyo huitwa kumwingiza mkwe. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, na mimi nilikuwa bado niko nje.

"Basi umuonyeshe," akasema Veronika, "kama weye ni muntu wa kuachiwa mutoto yake."

Asubuhi tulipotoka mjini, askari gendarme wa kizuizi cha kwanza alizunguka lori letu mara mbili. Alikuwa kijana, na kofia yake ilimzidi.

"Aba bamama beko naenda wapi?"

"Kutembea," nikasema.

"Kutembea? Na hii vita?"

Mama Albertina akainama kutoka juu ya mizigo. "Vita ni yenu, baba. Shiye tuko na likizo."

Yule kijana akafungua sufuria moja, akakuta mikate, akachukua mmoja, akafungua njia. Kijijini Kasomeno tulisimama kununua viazi vitamu vya kuchoma. Vumbi jekundu lilikuwa limetupaka sote rangi moja, hata muuzaji akatuuliza kama sisi ni wa tumbo moja.

Kasenga, mashua ilitungoja gatini, ndogo kuliko nilivyoahidiwa. Mbele palikuwa na turubai la kivuli, katikati masanduku ya barafu, nyuma injini na nahodha wake, Kapiteni Mwewa, mtu wa Luapula mwenye maneno machache. Nilikuwa nikipanga mizigo nilipoona viatu viwili vya raba vya buluu vikishuka gatini, kimoja kikiwa kimefungwa kwa uzi wa katani, na kando yake ncha ya mwavuli. Nikaruka nyuma ya barafu. Jina lake sitaliandika hapa, na sababu mnaijua.

Tukaishi hivi: yeye mbele, mimi nyuma, barafu kati yetu. Nilikula nikiyageukia maji. Alipotaka kuniambia jambo aliiambia ndoo ya kukombea maji.

"Weye ndoo, muambie ule muntu hii chai haina sukari."

Nami nikaiambia injini: "Injini, sukari iko kwa Mama Albertina."

Kapiteni Mwewa alitazama huku na huku. "Nimebeba wagonjwa, nimebeba mbuzi, nimebeba na maiti," alisema. "Lakini bantu ba kusemesha bintu, ni leo."

Kilwa ilikuwa bandari yetu ya kwanza, na hapo nilionyesha ufundi wangu. Niligawa wasafiri makundi mawili. La kwanza, langu, lilikwenda kanisani huku la pili, la Mama Albertina na mama mkwe wangu, likienda kuona wanavyokausha samaki. Baadaye tulibadilishana, kila kundi kwa njia yake. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kwamba Kilwa njia zote mbili zilikuwa njia moja. Tulikutana katikati. Sikuwa na pa kupita. Nikajitosa katika shamba la mihogo, matope mpaka magotini, nikainama.

Viatu vya buluu vilisimama. "Muavuli," ikasema sauti, "mukwe yetu eko nalima?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Kabla ya kung'oa nanga niliwaita majina mmoja mmoja, kila mtu aitike, kama tulivyofanya stesheni kwa safari za makundi. Jina moja halikuweza kutoka kinywani mwangu. Nilipolifikia nilinyamaza, Mama Albertina akaliita yeye, likaitikiwa. Utaratibu ulikuwa mzuri, na nilijisifu.

Pweto ni mahali ambapo ziwa linaishia na maji yanatoka kwa kishindo kuwa mto mwingine. Nilikuwa nimetenga muda mfupi tu wa kuyatazama. Mwenyeji wetu, katekista mzee kidogo mwenye miwani ya kamba, hakutaka kusikia.

"Kuku bado inatembea, na beye banataka kwenda?"

Tukangoja kuku aache kutembea. Ziwa lilijaa mwanga, akina mama waliimba, na mimi ningefurahi kama nisingesikia, nyuma ya nyumba, sauti ikiueleza mwavuli kwamba kule Kasenga mkeka wa kuzalia umekwisha kusukwa, na mkunga ameshaambiwa, na kwamba kijana mwenyewe si mbaya ila hana akili ya kulinda mtu. Kuku alipofika mbele yangu, sikusikia ladha.

Lukonzolwa tulifika mchana, tukirudi, masanduku yakiwa yamejaa samaki wa Pweto. Kapiteni Mwewa alitazama barafu, akatazama jua. "Mupande kidogo, mushuke," alisema. "Barafu haijue kungoja." Tulipanda kilimani kwenye magofu ya majengo ya zamani, tukatazama ziwa lote, kisha akina mama wakatawanyika kununua samaki wa moshi. Honi ikalia. Nikasimama kwenye ubao wa kupandia, nikaita majina. Wote waliitikia. Mama Albertina alikuwa wa mwisho, anakuja mbio na kapu kichwani, huku akimtukana muuza samaki aliyebaki nyuma.

"Iko njo samaki hii? Hii ni ukuni! Ukuni yenye macho! Niko, Tata Sipriani, niko!"

Nikamwambia kapiteni wametimia. Lile jina ambalo ni kinywa cha Mama Albertina kilicholiita siku zote halikuitwa na mtu yeyote, maana kinywa hicho kilikuwa na shughuli.

Tulikuwa tumekwisha kuacha pwani mbali nilipoketi kula mhogo. Nikaumaliza wote. Nikashangaa kwamba ndoo haijaniambia kitu. Nikachungulia juu ya masanduku. Mwavuli ulikuwa umelala peke yake chini ya turubai.

Nilijisikia baridi kuliko wale samaki. Nilitakiwa kumwonyesha mama huyu kwamba naweza kumlinda mwanawe, na nilikuwa nimemwacha yeye ufukweni kama kapu.

"Kapiteni, rudisha mashua."

"Barafu haina mama mukwe."

"Kapiteni, nakuomba."

"Samaki ya Mgriki itaoza."

"Kapiteni, weye umeoa?"

Akatazama ziwa, akatazama barafu, kisha akazungusha usukani taratibu. "Samaki ikioza tutasema ni jua," alisema. "Mama mukwe akibakia, tutasema ni nini?"

Lukonzolwa tena. Mama Albertina alishika kiuno. Alikuwa na aibu, kwa hiyo alikuwa mkali. "Weye njo kiongozi. Shuka, umuite."

Nishuke, sawa. Nimwite vipi? Nilisimama katikati ya soko la samaki, nikapaza sauti: "Mama Veronika! Mama wa Veronika!"

Wakatokea wanawake watatu, kila mmoja na Veronika wake nyumbani.

"Unatafuta yupi?" akauliza mmoja, mwenye mchi mkononi. "Eko mufupi? Eko murefu?"

"Sijui, mama."

"Sura yake iko namna gani?"

"Sijawahi kuitazama. Ni mama mkwe wangu."

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Mwenye mchi akajifuta machozi. "Sasa weye unajua nini yake?"

"Miguu," nikasema. "Miguu naijua."

"Bamama!" akapiga kelele. "Mutoe miguu! Mukwe anatafuta miguu!"

Sitasahau ile njia. Wanawake wa soko walinyoosha miguu yao kutoka nyuma ya meza, yenye viatu na isiyo na viatu, yenye magamba ya samaki, mmoja hata wa mwanamume. Nami nikapita nikiinamia chini kama mtu aliyeangusha faranga, watu wakinifuata, mpaka nilipoona, chini ya kibanda cha nyasi ambamo wauza samaki walikuwa wakimlisha mgeni, raba mbili za buluu na uzi wa katani. Nikapiga magoti. Kicheko kikakatika.

Sikusikia akisema na ndoo, wala na mchi, wala na nyasi.

"Weye," ilisema sauti, juu ya kichwa changu. "Jina yangu uliliita?"

Sikujua kama naruhusiwa kujibu. "Hapana, mama."

"Hata wakati mashua ilitoka?"

"Hata."

"Na sasa hapa, wakati bantu bote beko nakucheka?"

"Hapana, mama."

Akawageukia wenyeji wake. "Muliona? Ninyi mulisema ni mwizi, ameniacha. Miye nilisema atarudia. Huyu eko na heshima mpaka inakuwa bujinga."

Kisha nikaona mkono ukishuka mbele yangu, na tonge la bukari, ugali wetu, lililochovywa katika mchuzi wa samaki.

"Mukwe, inua macho. Kula."

Nikainua macho. Nikauona uso wa Veronika, mkubwa zaidi, wenye mikunjo, unajizuia kucheka na unashindwa. Nikala. Hapakuwa na ngoma wala wazee, palikuwa na magamba ya samaki na honi ya Kapiteni Mwewa ikilia bila kupumua. Lakini niliingizwa, na soko la Lukonzolwa ni shahidi.

Mashuani aliketi upande wangu wa barafu. Tuliacha ziwa, tukaingia mtoni. Ndipo akasema: "Mutoto yangu sitamutoa kwako. Muntu anarudisha mashua na samaki yake yote juu ya mwanamuke muzee, ataweza kulinda mwanamuke ya mimba."

Nilitaka kumshukuru. Alinikatiza.

"Lakini peke yako hautaweza. Nitakuja miye."

"Mpaka azae, mama?"

"Mpaka mutoto atembee."

Kutoka Kasenga hadi Lubumbashi alisafiri ubavuni mwangu. Maneno ya miaka miwili yalikuwa yamemjaa: nywele zangu, mshahara, jinsi ninavyobeba gunia. Kasomeno ilipita ndani ya vumbi na maneno. Kizuizini yule gendarme wa kofia kubwa aliniuliza huyu mama mpya ni nani. Nilipofungua mdomo, alikuwa ameshajibiwa, ameshaulizwa habari za mama yake, na ameshaambiwa aipunguze kofia. Veronika alituona tukishuka pamoja, tunazungumza, akaweka mkono mdomoni.

Kuhusu kupanga matembezi ya bandari ndogo, nimejifunza haya: uliza kwanza kama njia mbili ni mbili kweli, usimpangie muda mwenyeji ambaye kuku wake bado anatembea, na kabla ya kung'oa nanga hesabu watu kwa macho, maana kuna mtu ambaye mdomo hauwezi kumhesabu.

Mvua zilipoanza, njia ya Kasenga ikafungwa kabisa, magari yakarudishwa. Mtoto akazaliwa Katuba. Nilikuwa uani, sina wa kumtuma ndani kuuliza habari, wala hakuhitajika mtu wa katikati. Mlango ukafunguliwa. "Mukwe, ingia," akasema mwenyewe. Akaniwekea mtoto mikononi, akarudi nyuma hatua moja, akatazama.

"Haiko hivyo," akasema. "Kichwa. Shika kichwa."