Mbao za Shimoni

Miaka ile ya vita chuo kikuu kilitulipa kwa ahadi. Nikiwa msaidizi wa uchumi mwenye koti moja, nilikubali kuwatunzia bajeti watu wa kanisa letu huko mtaani Kadutu, waliokuwa wakijenga nyumba ya uzazi. Kiwanja kilikuwa ubavuni mwa mlima, kama kila kitu Kadutu. Kabla ya nyumba ilibidi tujenge ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na kabla ya ukuta ilibidi tuchimbe shimo refu chini ya mwinuko wa udongo mwekundu ambao hata mbuzi waliukwepa.

Wafadhili walitaka fungu la usalama wa wafanyakazi. Niliandika mbao: mbao nene za kushikilia kuta za shimo, zikazwe kwa miti ya mikaratusi, udongo usiwaangukie wachimbaji. Kwenye kamati nilitetea fungu hilo kwa Kifaransa kirefu sana, wakalipitisha ili ninyamaze.

Ambao sikuwapigia hesabu ni wafu. Mbao nzuri zilitoka misitu ya Shabunda, na njia za huko zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Mbao zikaisha mjini, watu hawakuacha kufa. Na kwetu familia inaweza kuuza redio na kitanda, lakini mtu wao atazikwa ndani ya sanduku. Kila aliyepita njia ya juu alitazama chini, akaona mbao zetu zimejipanga vizuri, zikishikilia udongo tu.

Wa kwanza kuja alikuwa mjane, na mashemeji zake nyuma.

"Papa Pasta, tumezunguka soko yote. Mbao hakuna. Tumuzike mu mukeka?"

Nilikohoa, nikataja fungu la usalama. Pasta akanigeukia.

"Assistant, unataka nimuambie huyu maman kama udongo iko na haki kupita bwana yake?"

Somo hilo halikuwemo katika miaka yangu yote ya chuo. Mbao zikatoka. Baada ya mjane akaja mwingine, na mwingine. Tulizitawanya zilizobaki, nafasi kati yake zikapanuka kama meno ya mzee.

Kapita, msimamizi wa wachimbaji, alikuja juu. "Papa Pasta, mbao moja ikitoka tena, batu bangu habashuki!"

Nilifurahi kupata mwenzangu. Kisha mtoto wa mchimbaji mmoja akafa kwa homa. Safari hii hakuna aliyemwomba Pasta. Wachimbaji waling'oa mbao wenyewe, na kapita ndiye aliyeshika msumeno. Kesho yake walishuka shimoni wote. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu aliyedondoka kutoka mawinguni.

"Ule ni mutoto wetu, Papa Assistant."

Fungu la usalama likabaki na pesa lakini bila kitu cha kununua. Kapita akaomba mtu wa kupiga kelele: akae juu, macho kwenye mwinuko, udongo ukipasuka aite watu watoke. Tukamwajiri muzee mmoja wa kwaya, mwenye sauti nzito ya kutetemesha mabati. Wachimbaji walikuwa na mwenzao mrefu kupita wote, wakamtania kila asubuhi.

"Weye, udongo itakufikia mabega tu. Utabaki unatuambia saa ngapi."

"Muambie kwanza muzee aimbe polepole," akajibu yule mrefu. "Ile sauti itaangusha mulima."

Mvua zikaanza. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, mwinuko ulipasuka juu kabisa, ufa mwembamba. Muzee aliuona. Alipaza sauti kama tulivyopatana: "Mutoke! Mutoke!" Wauza mihogo wa njia ya juu walimsikia. Muda ulikuwepo. Ngazi ilikuwa pale pale, karibu nao.

Wote watatu waliokuwa shimoni walijitupa chini, kifudifudi, mikono juu ya vichwa. Najua kwa sababu nami, mtunza bajeti, nilikuwa tayari nimelala matopeni kando ya mawe, na koti langu, nikiwatazama. Wauza mihogo walilala. Barabara nzima ililala. Hakuna risasi iliyolia. Kisha udongo ukashuka.

Tulichimba kwa mikono. Wawili walitoka wazima. Yule mrefu hakutoka mzima.

Mama yake alifika mchana, akaketi chini kando yake. Hakupiga mayowe.

"Muzee hakuita?"

"Aliita, maman," akasema kapita.

"Na mutoto yangu alisikia?"

Aliyejibu ni mmoja wa wale wawili. "Tulisikia wote, maman. Alisema mutoke, tukasikia kabisa mutoke. Lakini mwili ilikuwa imeshalala."

Yule mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari anayoifahamu.

"Ndio vile nilimufundishaka," alisema. "Tangu vita ya kwanza. Ukisikia batu banapiga kelele, lala chini. Usiinue kichwa mpaka nikuambie."

Akashika pindo la kitenge chake, akaanza kumtoa udongo masikioni.