Maji ya Garde, Samaki ya Mama

Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu. Butembo imeamka na mvua ndogo-ndogo, ile haipigi mabati kwa nguvu lakini haikubali nguo zikauke.

Nilirudi juzi kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, na mpaka leo sijui kama nilifanya kazi ao niliiharibu. Shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo kila nikikosea ninafikiri mwenye kusoma angeliona mbele.

Mimi ni msemaji ku redio ndogo ya mtaa wetu, kwa Kinande na kwa Swahili. Tangu zamani redio iliishi kwa matangazo: msiba, harusi, mbuzi aliyepotea. Mtu akituita kwenye mkutano wake alitupa coupage, ni kusema kitu kidogo cha kumshukuru mwanahabari, na jioni habari yake ilitoka tamu. Halafu wakaja watu wa mbali wenye kusaidia redio kama yetu, zile ambazo Kinshasa haijui hata kama ziko, ili tuseme juu ya ziwa, msitu na mashamba. Projet ya kwanza ilikuwa ziwa. Sharti lao zito lilikuwa moja: usipokee kitu kwa mtu unayemuuliza maneno. Chef wetu, mkubwa wa redio, alilisoma mara mbili mbele yetu. Nililipenda. Nilisema rohoni, sasa nitaongea bila kumwogopa aliyenipa.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Watu wanavua samaki ndogo mahali zinapozalia, garde wa parc, ni kusema walinzi wa hifadhi, wanakamata nyavu, na wamama wauzaji wanasema njaa inabakia kwao. Nilitaka pande zote zisikike sawa. Nikashuka na moto, pikipiki ya kukodi, matope yakinirukia mpaka magotini, nikaanza kwa ba-garde kwa sababu nyumba yao iko mbele kwenye njia. Garde mmoja, mtu mpole, alinieleza polepole samaki inazalia wapi na inakua namna gani. Joto la kule chini si kama baridi yetu. Akanipa kikombe cha maji, nikakunywa. Maji ni maji, nilifikiri hivyo.

Nikapita kwa mkubwa wa wavuvi, akasema yake, kisha nikaenda kwa wamama. Yule anayewaongoza alinipokea kwa kucheka.

“Karibu, mwana wetu! Sauti yako tunaijua ku redio, lakini tulifikiri uko munene!”

Wote wakacheka, na mimi pia. Kabla sijauliza hata neno, akafunga tilapia moja kubwa ndani ya jani la mgomba, akaninyooshea. Kule mgeni hatoki ziwani mikono mitupu. Kukataa ni kumwambia mtu kitu chake ni kichafu. Nilijua hayo, nimezaliwa nayo. Lakini kichwani nilikuwa na sharti.

“Wasingya, asante mama. Lakini kazi inanikataza.”

“Inakukataza samaki?”

“Inanikataza kila kitu.”

Akaniangalia kwanza. “Maji ya ba-garde ulikunywa. Tulikuona. Ndiyo kusema samaki yetu iko na sumu?”

“Hapana, mama…”

“Basi enda useme na maji.”

Mmoja nyuma akaita: “Mama Maji!” Wakacheka tena, kicheko kingine kabisa. Wakafunika mabeseni. Hakuna aliyefungua kinywa mpaka nikapanda moto.

Njiani niliwaza sana. Kama maji si kitu, samaki ni kitu kwa nini? Na kama ningalipokea samaki, garde angesema nimenunuliwa, naye angekuwa na haki yake. Sikuona upande hata mmoja ambako nilisimama vizuri.

Chef hakuona shida. “Uko na sauti ya garde. Uko na ya mukubwa wa bavuvi. Panga tu, kesho itoke. Ba-projet banatungojea.”

“Na bamama?”

“Bamama balikatala. Tufanye nini? Jenereta inakunywa mazutu, haikunywake haki.”

Simlaumu. Kama kazi ya ziwa haitoki, ya msitu haitaletwa, na tutarudia mbuzi waliopotea. Lakini kutoa kipindi kile bila wamama ni kuwafanya wakosaji ambao hawakujibu.

Jana nilikitoa. Mwanzoni kabisa, kwa Kinande, nikasema kwamba nilikunywa maji ya upande mmoja na kukataa samaki ya upande mwingine, hata jina la Mama Maji nilipewa, na wamama walinyamaza kwa sababu yangu, si kwa kukosa la kusema. Nyuma ya kioo chef alikuwa anatupa mikono. Wakati wa kufunga hakuniaga. Wenzangu walisema tu, “Bonsoir, Mama Maji.”

Nyumbani niko peke yangu tangu mdogo wangu alipoolewa Beni, mtaa wa Beu. Zamani nikirudi alikuwa ananiambia, “Yaya, mkubwa wangu, leo ulikimbia sana ku maneno,” ao “Leo ulisema vizuri.” Sasa hawezi kunisikia. Antena yetu inaangalia ziwa. Upande wa Beni milima inaikata. Nilimpigia simu, reseau hakuna. Nikabaki na kipindi changu kichwani.

Leo mchana shofere wa gari la samaki alisimama mlangoni. Alikuwa na tilapia ndani ya jani, na ndani ya simu yake sauti ya yule mama, akaituma ku yangu:

“Mwana wetu, tulikusikia. Ni kweli, tunauzaka ndogo. Kubwa zinapanda gari kabla hatujaziona. Batuite na sisi ku mikutano ya ba-garde, fasi ya kuacha samaki izae tunaijua. Sasa sikia: ukikula hii samaki, pitisha maneno yangu. Ukikatala tena, futa.”

Nilikaa mbele ya ile samaki kama mbele ya mgeni. Nikiikula, sharti limevunjika na neno lake halina uzito. Nikiirudisha, neno lenyewe linakufa. Kudanganya ningeweza, nani angejua? Nikaipeleka kwa jirani mwenye batoto wengi. Halafu nikampigia yule mama.

“Mama, samaki ilifika. Mimi sikuikula. Nilipatia jirani.”

Nilisikia upepo wa ziwa ndani ya simu.

“Na batoto ya jirani, banaikula?”

“Iko ku nyungu, inaiva.”

“Basi haikutupwa. Uko mugumu, weye! Pitisha. Na uache kukunywa maji ya batu.”

Akakata kabla sijashukuru. Kesho nitasimama mbele ya chef na sauti ile. Sijui atasema nini.

Jioni nyumba yetu, ni kusema mimi, ilikula bugali ya muhogo na mboga ya lengalenga, chumvi imezidi kidogo. Harufu ya samaki ilikuwa inapita dirishani kutoka kwa jirani.